Mizizi Mibichi

Mama alikuwa na mabinti wawili: mmoja msomi, na mwingine mimi. Sisemi kwa wivu, au tuseme wivu wenyewe umeshapoa. Victoria alisoma mpaka akawa mtafiti chuoni. Mimi, Hedwiga, nilibaki kijijini Vudee na mama, migomba, na ugonjwa wake wa sukari.

Dawa ya mama ilikuwa kichaka kichungu kinachoota kando ya mfereji. Miaka yote tulichuma majani, tukachemsha, akanywa huku amekunja uso, maisha yakaendelea.

Kiangazi kilichopita Viki alikuja na sanduku la barafu. Alikata majani, gome na mizizi, kila kimoja akakifunga peke yake, maana alitaka kulinganisha protini za kila sehemu. Majirani wakauliza barafu ya nini. "Protini zikipata joto zinaharibika," akawajibu. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, mchungaji alimpa nafasi kanisani wakati wa matangazo. Akasema mizizi imeonekana kuwa na protini nyingi kuliko majani, ila kuna moja hawajajua kazi yake, bado wanaipima. Alisema vizuri, kwa tahadhari. Lakini watu wakishasikia "nyingi", hayo mengine yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Mama alitoka kanisani anatembea kama bibi harusi. Kesho yake nikamkuta amechimba mizizi, ameitwanga, ameiloweka kwenye maji baridi.

"Mama, huchemshi?"

"Nichemshe niiharibu? Hukumsikia mwanangu?"

Mwanangu! Mimi niliyemchotea maji ya kuoga kila siku sikuwa mwana wa mtu. Nilibishana naye, nikashindwa. Nani angenisikiliza mimi mbele ya msomi?

Alianza kutapika, kisha kuhara damu. Tulipomfikisha hospitali kule Same nilimweleza daktari kila kitu. Akatikisa kichwa. "Inaelekea mizizi hiyo ina sumu. Figo zimeshafeli." Mama alikuwa anasikia. Daktari alipotoka, akanishika mkono.

"Daktari ajue, sawa. Viki asijue. Akijua ni maneno yake, hataingia tena maabara. Niahidi."

Nikaahidi. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, kwamba hata kufa alikuwa anamfia yeye.

Tukamzika nyumbani, nyuma ya migomba. Viki alikuja macho yamevimba. Watu niliwaambia ni sukari, na kwa kuwa sukari imeua wengi kwetu, hakuna aliyeuliza zaidi.

Baada ya mazishi tulikaa uani kupokea pole. Jirani yetu mzee Fanueli, ambaye yeye na mkewe wote wana sukari, akamfuata Viki.

"Shikamoo, baba," Viki akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mama yako ametuachia heri. Ile mizizi alitugawia nyumba kwa nyumba, akatufundisha kuiloweka bila kuchemsha, kama ulivyosema. Mke wangu leo ameshindwa kuja, anatapika. Lakini tunajua ni dawa inafukuza ugonjwa."

Nilidhani mama alikuwa anakunywa peke yake.

Viki akanigeukia. "Mizizi? Mibichi? Dada, mama alikuwa anakunywa majani, sivyo?"

Macho yake yaliniomba nikubali. Mungu anajua nilitaka kukubali. Lakini waombolezaji walikuwa wamejaa mpaka barazani, na sikujua ni nani kati yao ameacha maji yale nyumbani. Nikasimama, nikapaza sauti ili nisirudie mara mbili.

"Jamani, nisikilizeni. Niliwadanganya. Mama hakufa kwa sukari, ameuawa na mizizi mibichi. Kaimwageni yote. Na mke wa mzee Fanueli apelekwe hospitali sasa hivi."

Wanawake wakapiga ukunga. Wanaume wakakimbilia barabarani kutafuta gari, mzee Fanueli akiwa mbele na kofia yake mkononi.

Viki alibaki amekaa mkekani. Hakulia.

"Alikuwa anasema nini, alipokuwa anakunywa?" akaniuliza.

Nilishasema ukweli mbele ya watu wote, sikuona pa kuusimamishia.

"Alikuwa anasema, mwanangu amesoma."