Kiduara Kinachozunguka

Kikuukuu kinyemi, ingawa kidonda. Hivyo ndivyo fundi alivyowaambia wateja kila alipovilaza vicheza muziki viwili juu ya kaunta, akavichomeka kwenye spika moja na kuvilinganisha.

Kipya kilikuwa na prosesa yenye mbio na programu ya kufuta mikwaruzo. Ukibonyeza tu, wimbo huo. Cha zamani kilikuwa na prosesa goigoi. Ukibonyeza, kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka tena, na kabla hakijakoma marehemu shangazi yake fundi aliingia mlangoni, akafuta viatu, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuimba.

Wimbo ulikuwa uleule. Ila kwa kipya ulianza shangazi angali kwenye ngazi, naye akageuka akarudi alikotoka.

"Besi ya kipya imeshiba," mteja mmoja alisema.

"Imeshiba kweli," fundi alikubali. "Lakini programu yake inadhani pumzi ni mikwaruzo. Hiki kinamwacha mama wa watu apumue."

Akimaliza kuimba, shangazi alikodolea kioo macho. Vyote viwili vilionyesha jina la kiongozi wa bendi, bwana aliyepiga kayamba tu, si la shangazi.

"Bado?"

"Bado, shangazi."

"Haya. Asante kwa kiti."

Fundi alimmiminia maji na kumshukuru. Shangazi ndiye aliyemlea na kumpeleka chuo, kisha akafa wakati mpwa wake akiwa kwenye mtihani, kabla hajaambiwa asante hata moja.

"Wewe mtoto, asante zako haziishi?"

"Bado niko kwenye zile za utotoni. Za chuo zinakuja."

Ijumaa meneja wa duka alimwita fundi kando. "Vya zamani vyote vitie programu mpya. Viache kuzubaa."

"Vikiacha kuzubaa, shangazi hatafika."

"Najua. Na kiti ni cha wateja."

Fundi hakuvigusa. Jumamosi, duka likiwa limejaa, aliinua cha zamani juu. "Chukueni hiki kinachochelewa," alisema. "Anayewaimbia anahitaji muda wa kupanda ngazi."

Meneja alitoka ofisini. "Unaniharibia biashara! Niombe radhi hapahapa, mbele ya wateja, la sivyo navitia programu mwenyewe."

Fundi alibonyeza. Kiduara kikazunguka. Shangazi akaingia, akafuta viatu. Mteja mmoja akanyanyuka kumpisha. Aliimba wimbo wote, pumzi zake zote zikasikika, kisha akatazama kioo.

"Bado?"

"Bado, shangazi. Asante kwa kunishonea sare ya shule."

Meneja alisubiri mpaka mgeni alipomaliza maji yake. Hakuwa mtu asiye na adabu.

"Haya," alisema. "Nakusikiliza."

"Siombi radhi," fundi alijibu, akabonyeza tena.