Mbawa Hazimo Kwenye Maombi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Daktari Joanitha alifungua dirisha la maabara ya chuo, Bukoba mjini, ili harufu ya siki itoke. Kapsuli arobaini za dawa ya kifafa zikaota mbawa, zikaondoka. Akaandika muda kwenye daftari. Alizitengeneza kwa maganda ya senene, wale panzi wa kuliwa, yaliyoyeyushwa kwa siki, kazi ya miaka kumi na mmoja, ili dawa itoke taratibu mwilini na mgonjwa anywe moja tu kwa siku. Kwamba zingekumbuka kuruka, hilo halikumshangaza mtu. Senene ni senene.

Saa nne mama yake, Celina, akapiga simu kutoka Muleba.

"Joanitha, waitu, dawa yako imefika. Imetua kiganjani kwa Avit."

Avit ni mdogo wake Joanitha, mwenye kifafa, aliyekwisha kuangukia moto mara mbili.

"Mpe maji, mama."

Miezi mitatu Avit hakuanguka. Kila asubuhi dada mtu alifungua dirisha, na Avit alikaa mlangoni kiganja wazi, akingoja yake.

Sasa, zamani kwa Wahaya mwanamke alikamata senene, akawanyonyoa, akawakaanga, mwanamume akala. Watu husema mila hiyo imekufa. Imekufa jikoni. Makala ya utafiti ilipotoka ilikuwa na jina moja tu: Gozbert, mkuu wa idara, ambaye hajawahi kuosha hata chupa moja ya maabara ile.

"Binti yangu," alimwambia, "jina hutangulia la mkubwa. Wewe bado mdogo."

Joanitha ana miaka arobaini na saba. Akaandika malalamiko.

Jopo la vyeo la chuo likakaa, kusikiliza malalamiko hayo na kupima uprofesa wa Gozbert. Gozbert alipofungua kopo aonyeshe kapsuli zake, zote zilimpita, zikatua mabegani kwa Joanitha na kutulia kama kuku waliorudi bandani. Mwenyekiti akaomba dirisha lifungwe, karatasi zinapeperuka. Katibu akaandika: kapsuli zimemzoea fundi. Kabla ya chai Gozbert alikuwa profesa kamili.

"Ila mbawa hazimo kwenye maombi ya kusajili dawa," alisema profesa mpya. "Zinyonyoe."

"Anayekula ndiye anyonyoe," Joanitha alimjibu.

Akanyang'anywa ufunguo wa maabara, na kapsuli zote. Wakaletwa wanawake sita kutoka kata ya Kibeta, wenye vidole vyepesi, wakanyonyoa huku wakipiga soga. Kapsuli zikapangwa kwenye maboksi yenye picha ya Gozbert, zikafungiwa kabatini kungoja sherehe ya uzinduzi. Humo ndani zilisikika zikijigonga ubavuni. Mlinzi alidhani ni panya, akaweka mtego.

Saa nne simu ikalia.

"Joanitha, leo haijaja. Avit bado kakaa, kiganja wazi. Nimpe nini?"

Joanitha alitazama mikono yake. Bado ilinuka siki.

"Mpe maji, mama. Na uzime moto."