Detekta Mpya Inakataa Chuma

Usiku wa kuamkia jana niliota detekta yangu mpya imekaa mezani katikati ya korongo, imevaa tai, inaniandikia barua.

Kwa asiyejua, detekta ni mashine ya kutafutia dhahabu. Ina mpini, na chini ina sahani ya duara. Unaipitisha juu ya udongo, ikihisi madini inalia. Mimi ninaifanya kazi hiyo porini Chunya, huu mwaka wa kumi na tatu. Miaka kumi na miwili nilikuwa na mashine moja kuukuu niliyoiita Kikohozi, maana haikulia, ilikohoa. Ilikoholea dhahabu, ikakoholea kizibo cha soda, na mimi nikachimba kila ilipokohoa. Masika yaliyopita iliingiwa na maji, ikanyamaza moja kwa moja. Nikanunua mpya, ya kioo chenye namba kwa kila madini, na kitufe cha kukataa chuma. Siku tisa nimezunguka nayo korongoni, haijatoa hata mlio mmoja.

Mume wangu Anyelwisye akasema korongo limekwisha, turudi Tukuyu kwenye migomba.

"Nenda wewe, Baba Lusajo," nikamwambia. "Mimi sing'oki hapa."

Tukalala tumepeana migongo.

Basi ndotoni ni saa nne asubuhi, jua kali. Mashine inaniangalia kwa adabu.

"Karibu, mama. Kabla ya yote tusawazishe ardhi. Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa sita."

Ninaujua ukurasa huo. Siku zote nilidhani maana yake ni kubonyeza kitufe. Lakini mashine inatoa mizani ya kupimia mahindi, na ardhi inapanda juu yake, taratibu, inaona haya kama mama mjamzito kliniki.

"Upande wa mashariki umezidi," inasema mashine.

Nachukua beleshi, nahamisha kilima kimoja kukipeleka magharibi. Kilikuwa chepesi kuliko kinavyoonekana.

"Ahsante," inasema ardhi. "Mgongo ulikuwa unaniuma."

"Sasa tia saini hapa," inasema mashine, "kwamba korongo limekwisha."

"We mashine una wazimu?"

Inaangua kilio. Inalia machozi ya kweli mpaka tai inalowa. Katikati ya kwikwi inanieleza kwamba hisia zake zimewekwa kwenye tisa, na kitabu kinaagiza zipunguzwe penye kelele. Nazungusha kitufe hadi tatu. Inanyamaza papo hapo.

"Tulifika wapi?" inauliza.

"Ulifika kwenye saini. Na mimi nimefika kwenye kukataa."

Nikigeuka, korongo limekuwa ukumbi wa harusi. Mashine imesimama mlangoni, inawapima wageni mmoja mmoja. Pete inaingia. Heleni mbili zinaingia, zimeshikana mikono. Jembe linazuiwa.

"Chuma hakiingii," inasema mashine.

Zamu yangu inafika. Inanipitishia sahani kuanzia kichwani hadi miguuni, inasoma namba kwenye kioo chake.

"Kumi na moja. Chuma. Kaa nje."

Nje kuna benchi refu. Wamekaa majembe, spoki za baiskeli na sufuria isiyo na kitako, na mwisho wa benchi amekaa Kikohozi, amejifunika blanketi.

"Umekonda," ananiambia.

"Umenyamaza wewe, ninenepe kwa lipi?"

"Mpya ana masikio kuliko mimi. Tatizo hajafundishwa kuingia matopeni. Mfundishe."

"Nakutaka wewe."

"Mimi nimekufa, Mama Lusajo. Usinitie aibu mbele ya majembe."

Nikajifuta macho kwa upande wa kitenge, nikajifanya ni vumbi. Hapo ndipo nikamwona msumari wa inchi nne, amesimama peke yake kando ya benchi, kutu mwili mzima.

"Mbona hukai?" nikamuuliza.

"Siwezi. Chini yangu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Jina lake silijui. Mfupi, mzito, na hapati kutu. Hiyo mashine yako kila ikipita inaniona mimi, inasema chuma, inakwenda zake. Naye akiita, sauti yake inaishia kwenye miguu yangu."

Damu ikanichemka. Nikaingia ukumbini bila kuruhusiwa, nikaikamata mashine kwa tai, nikaiburuta hadi nje. Heleni zikapiga kelele.

"Sikiliza hapa!"

"Kumi na moja. Chuma. Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga korongo hili! Zima huko kukataa kwako. Wasikilize wote."

"Nitasikia takataka."

"Utasikia takataka. Hata mimi nimezisikia miaka kumi na miwili, na nyumba yangu ya bati nimeijenga kwa takataka hizohizo. Zima."

Ikajibonyeza yenyewe, imefumba macho kama mtoto anayemeza kwinini. Mara majembe yakaanza kusema yote kwa pamoja, spoki zikaingilia, sufuria ikalalamika kuhusu kitako chake. Mashine inatetemeka. Nimeishika mpini, siachii. Kisha chini ya zogo lote, kwenye miguu ya msumari, ikaja sauti nyembamba, tamu.

Mashine ikakohoa.

Ilikohoa mara moja, kwa haya, ikaniangalia kuona kama nimesikia. Nilisikia. Kikohozi akavuta blanketi lake hadi usoni.

"Nisogee?" akauliza msumari.

"Sogea."

"Basi naomba mahali pa kulala. Nimesimama miaka thelathini."

"Nenda kwangu, mlango wa bluu. Kitanda kipo mkono wa kulia."

Akaenda, akirukaruka kwa ncha yake. Nikainua sururu juu ya kichwa, na kabla haijashuka, kidole kikanichoma ubavuni.

"Mama Lusajo." Ni Anyelwisye. Kumekucha, jua limeshaingia dirishani, naye ameketi kitandani, ametoa macho. "Nani huyu?"

Kati yetu, juu ya mto wangu, alilala msumari wa inchi nne mwenye kutu. Amelala ubavu. Kitenge changu kimemfunika hadi shingoni.

"Mgeni," nikasema. "Usimwamshe."

Nikashuka kitandani. Nikaiwasha mashine mpya, nikatafuta kile kitufe cha kukataa chuma, nikakizima. Nikachukua sururu, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi na hujanywa chai?"

"Korongoni."

Halafu nikasikia kitanda kinalia.

"Ningoje," akasema Anyelwisye. "Nivae viatu."

Sikumngoja. Ila nilitembea polepole.