Kikundi cha Faraja Kimekuja Tena

Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu kwa viatu vilivyorundikana mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kupita. Watu kumi na tisa, Jumatatu saa nne asubuhi, katika sebule ambayo mimi na mama peke yetu hugongana viwiko.

Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakampasua, wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani na agizo moja tu: atembee. Muuguzi hata hakumwangalia mgonjwa, aliniangalia mimi. "Asubuhi na jioni, hata akilia. Mwezi huu ukiisha hajatembea, hatatembea tena."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa, na mama hajavuka mlango wa chumba chake ila kwa kubebwa. Kila nikimpa mkongojo ananijibu, "Mguu unauma kwangu, hauumi kwako." Nikimshika kwapani anajilegeza kama gunia la unga. Nimebembeleza, nimegomba, nimelia. Hatua mbili, anakaa. Na mimi ni fundi cherehani kwenye karakana ya watu, ruhusa yangu ilikuwa inaisha Jumatano. Nikirudi kazini, nani atamwinua? Nilikuwa naogopa, na hofu yangu mimi hutoka kwa njia ya hasira. Sijui kwa nini, nimezaliwa hivyo.

Basi Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Katibu wa Kikundi cha Faraja. Nikamwomba mtu mmoja. Nilimwonyesha na kidole: mmoja. Mwenye mikono miwili, aje saa nne, amsimamishe mama, aende naye hadi getini na kurudi.

"Dada, kanisa ni familia," Katibu akasema. "Umesema, tumesikia."

Walisikia kweli. Shida ni kwamba kanisa letu halijui kutuma mtu mmoja. Kumtuma mmoja, kwao, ni kumdharau mgonjwa na kuwanyima wengine baraka. Kwa hiyo wakaja wote, kama walivyokuja Jumanne iliyopita, na Ijumaa, na Jumamosi, wakiwa na sabuni. Nina miche kumi na minne ya sabuni. Mtu aliyeanguka bafuni anapelekewa sabuni!

Na mama sasa! Huyo anayelegea kama gunia mikononi mwangu, akisikia hodi ya kanisa anajifunga kitambaa kichwani, anakaa wima kitini, anacheka. Anasimulia alivyoanguka, na kila siku hadithi inanenepa. Siku ya kwanza lilikuwa povu kidogo sakafuni. Jumatatu hiyo bafu zima lilikuwa limefurika na yeye anaogelea.

Wakaimba beti zote. Wakaomba, na kila aliyeomba alimkaribisha mwingine naye aombe. Nilikuwa nimesimama jikoni na birika mkononi, naangalia saa. Kisha Katibu akasimama, akakohoa.

"Kuhusu suala la kutembea," akasema, "tumeunda kamati ndogo ya watu watano. Itakaa Alhamisi ijayo, ilete mapendekezo."

Nikaweka birika chini.

"Kamati ya nini? Mguu ni mmoja! Mko kumi na tisa humu ndani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mama simama. Mnakuja, mnakaa, mnakunywa, mnampa sabuni. Mnajiliwaza wenyewe! Tokeni. Nawaomba mtoke wote."

Mzee wa kanisa, mtu mzima wa kuheshimiwa, akaanza kutafuta kiatu chake kwa mguu bila kuangalia chini. Wakatoka mmoja mmoja wakinipita kwa ubavu. Niliona aibu palepale, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

"Umewafukuza wageni wangu," mama akasema.

"Nimewafukuza."

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndani ya nyumba yako, mama, ndiyo."

Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka saba. "Lete hicho kimkongojo."

Nikampa, kwa hasira. Akashika mkono wa kiti, akasukuma, akasimama. Sikumgusa.

"Ngojeni!" akapaza sauti. "Mgeni haondoki kwangu kama mbwa aliyeiba nyama. Ngojeni niwasindikize!"

Akapita sebuleni. Akapita mlangoni, akavuta ule mguu, jasho linamtoka. Hakuna aliyethubutu kumshika, waliniogopa mimi. Akafika getini, akalivuka, akaenda nao hadi kwenye nguzo ya umeme, na njia nzima nilimsikia akiwaambia, "Msameheni. Huyu mtoto hajalala tangu nianguke. Ananigeuza usiku kucha, halafu anadhani nimelala."

Nilibaki mlangoni na hasira yangu yote mkononi, sina pa kuipeleka. Wiki tatu nimemsihi hatua kumi. Kumbe alikuwa nazo, ila hazikuwa za kumpa mwanawe.

Nikatoka mbio peku, nikampita, nikamkamata Katibu kwenye kona.

"Kesho mje."

"Dada, si umetufukuza?"

"Mje hivyo hivyo. Wanne, watano. Keshokutwa wengine. Mkae dakika kumi, msitake chai."

"Tuje tufanye nini sasa?"

"Muondoke," nikamwambia. "Kazi yenu ni kuondoka. Mengine atayafanya mwenyewe."

Alinikodolea macho. Kabla hajajibu, sauti ya mama ikatufikia kutoka kwenye nguzo, kali, imekatika pumzi.

"Wewe! Waache watu wa Mungu waende zao. Njoo unishike, nimechoka."

Nikaenda kumshika.