Aliyevuta Upande wa Pili

Kigango cha bondeni, nje kidogo ya kijiji cha Mbingu, hakikuwa na padri wake. Padri wa parokia alikuwa na vigango vingi kuliko matairi mazima, na masika ikishika barabara hiyo, hata mwenye trekta huanza kwa kupiga ishara ya msalaba. Kwa hiyo kuzika ilikuwa kazi ya katekista, na katekista alikuwa Venance.

Amezika huyo mpaka basi. Amezika vikongwe, amezika wazazi waliofia njiani wakipelekwa hospitali Ifakara, amezika watoto wa homa. Shule hakufika nayo mbali, ila alikuwa na sauti, na alikuwa na neno lake. Kabla udongo haujaanza kurudishwa alifunga kitabu, akawatazama watu, akasema: "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Hakulitunga yeye. Neno hilo husemwa kila msiba, nchi nzima. Lakini alivyolisema Venance, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, watu walishusha pumzi, ndipo koleo zikaanza.

Vijana wakaligeuza mzaha. Mwewe akibeba kifaranga utasikia, "Sisi tulikipenda, lakini mwewe amekipenda zaidi." Simu ikipotea mnadani, basi mwizi ameipenda zaidi. Venance mwenyewe alikuwa anacheka. Aliona kwamba neno likishataniwa, limeshaingia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kulikataa, tena kaburini, mbele za watu. Ni Minza, mama wa Kisukuma ambaye watu wake walihamia bonde hili na ng'ombe zao. Siku hiyo alikuwa anamzika mwanawe Seni, aliyeumwa na nyoka kwenye mpunga. Venance aliposema lake, Minza akainua kichwa.

"Katekista, mimi nilimzaa. Huyo anayempenda kuliko mimi, kwa nini asingemwacha kwanza aoe?"

Watu wakainama. Wengine walikuwa wanaficha kicheko, kwa namna alivyosema. Venance akamjibu kwa upole, "Minza, Mungu hahojiwi." Toka hapo Minza akawa anakuja kanisani na kukaa benchi la nyuma, haimbi, anamtazama tu katekista mdomoni.

Sasa, mwaka huu mpunga ulianza kuwa wa njano kabla ya wakati wake. Udongo ukapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia. Kigango kikaanza novena, sala ya siku tisa ya kuomba mvua, Venance mbele, na hawajaimaliza mvua ikaja. Jumapili ile waliimba hadi ngoma ikapasuka ngozi. Venance akasimama akatangaza, "Mmeona wenyewe. Tumeomba, amesikia." Mpunga ukanywa, ukatoa masuke, kwelea nao wakaja makundi kwa makundi. Mkewe Domitila akamchukua mjukuu wao Eliza wakaenda shamba kuamia ndege. Walikaa huko huko kwenye dungu, kile kichanja cha miti, wakipiga debe na kurusha kombeo.

Eliza alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake, Kristina, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko juu, kwa hiyo maswali yote yalimwangukia babu. Na kwa kuwa Eliza alizaliwa Mbingu na kukulia Mbingu, aliamini kwamba sala zote zinaongelea kwao.

"Babu, Baba yetu uliye mbinguni, anakaa nyumba ipi?"

"Nyumba gani tena, mama?"

"Si yuko Mbingu? Anakaa kule barabarani au huku kwetu?"

Siku nyingine akasikia "Muumba mbingu na dunia", akafurahi mno. "Kumbe alianza na kwetu! Ifakara aliumba lini?" Venance alilisimulia hilo kanisani, watu wakacheka mpaka machozi.

Mvua iliyoombwa haikujua kuacha. Milimani nako ilikuwa inanyesha, mto ukaacha njia yake, na asubuhi moja maji yakaingia mashambani mwa watu yakiwa na miti mizima ndani yake. Dungu lilibaki. Domitila alibaki. Eliza walimkuta baadaye, maji yalipopungua, amenasa kwenye matete.

Padri alipiga simu. Daraja limekatika, hawezi kuvuka. "Mzike, katekista. Mungu akutie nguvu." Kristina naye alikuwa amefika Lipangalala, ng'ambo ya daraja, kwa ndugu zake, amekwama hapo hapo, na kwenye simu hakusema kitu cha kueleweka isipokuwa neno moja: mzikeni.

Fundi Lukelo alikuwa uani anapiga misumari. Jeneza la mtoto halina kazi kubwa. Venance akaitwa ndani.

Domitila alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya kina mama, viganja vyake vimefungwa kitambaa. Hakulia. Aliwaambia wenzake wampishe kidogo, wakatoka.

"Baba Kristina, leo utalisema?"

"Nini?"

"Unajua ninachokuuliza."

Venance akaketi kwenye kigoda. Akasugua magoti.

"Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo ya dungu kwa mkono huu," Domitila akasema. "Kwa huu nimemshika yeye. Maji yako kiunoni mwake. Ananiita bibi, bibi, navuta. Na kitu kinamvuta upande wa pili. Nimevuta mpaka ngozi imechunika, unaiona. Nilidhani yale ni maji. Sasa wewe ukisimama kaburini ukasema kuna aliyempenda zaidi, utakuwa umenitajia jina la aliyekuwa anavuta upande wa pili."

"Mama Kristina, huo ni uchungu unaongea."

"Ndiyo, ni uchungu. Wewe una utamu?"

Venance akainuka, akaketi tena.

"Unatufundisha ni Mwenyezi. Sawa. Mwenyezi gani anashindana kuvuta mtoto na bibi kizee? Angetaka si angeniomba tu, ningekataa, tukajua moja." Akatazama vitambaa vyake. "Ukilisema, nashuka humo kaburini. Wanitoe kwa kamba. Na wakinitoa, kwako sirudi."

Venance alipotoka nje akamkuta Evod, mwenyekiti wa kigango, anamngoja chini ya ukingo wa paa.

"Pole tena, ndugu yangu. Lakini mama amesema lisisemwe?"

"Nani kakwambia?"

"Ukuta wenyewe matete, katekista. Hata kukohoa kwako tunakusikia." Evod akamshika bega, wakasogea pembeni. "Nisikilize. Ulinizikia Marsiana wangu. Siku ile nilikuwa na dawa ya wadudu mfukoni, nilishaamua. Ukasema Mungu amempenda zaidi. Nikarudi nyumbani, ile dawa nikaimwaga chooni. Unasikia? Mimi nimeishi kwa hilo neno. Leo umefiwa na wako, unataka kulimeza?"

"Evod, mke wangu..."

"Mke wako naye ni mke, na wangu alikuwa mke. Kwetu Mungu anapenda, kwako anaua? Hapana. Kama si kweli, niambie sasa hivi, hapa, tukiwa wawili. Nijue."

Macho ya Evod yalikuwa mekundu, na mdomo ulimcheza kama wa mtu anayesikia baridi. Venance aliona kwamba mtu huyu hagombi. Anaomba. Akasema, "Twende, jeneza liko tayari."

Njiani alitembea nyuma ya lile sanduku, na kichwa chake kikawa kinafunga na kufungua. Kama mvua ilikuwa ya Mungu, mafuriko ni ya nani? Wingu lilikuwa ni lile lile. Na kama maji yalikuja tu yenyewe, kama yanavyokuja, basi Jumapili ile walimshukuru nani, na ngoma waliipasua kwa ajili ya nani? Hakuweza, au hakutaka? Ilikuwa kama kufunga magunia mawili kwenye baiskeli bila mtu wa kukushikia. Ukikaza la nguvu, la upendo linachomoka. Ukilikimbilia la upendo, la nguvu liko chini kwenye tope. Amewaambia watu miaka yote kwamba yote mawili yamekaa. Hakuwahi kuisukuma baiskeli yenyewe.

Makaburini kulikuwa na tabu nyingine. Ardhi ilikuwa imeshiba, kaburi linatoa maji. Vijana walikuwa ndani wanayachota kwa ndoo, wakichota yanarudi. Mwisho wakatandika migomba chini ili sanduku lisiguse. Domitila akachungulia.

"Tena maji?" akauliza.

 Kina mama wakamshika huku na huku.

Venance akasoma sala. Sauti ilimtii, jambo lililomshangaza, kwa maana ndani yake hakukuwa na mtu. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Wakajibu. Jeneza likashushwa, likaelea kidogo juu ya migomba, likatulia. Akafunga kitabu. Na kama kawaida yake akainua macho.

Akamwona Evod, amekunja mikono kifuani. Akamwona Domitila, ameshaweka mguu mbele. Nyuma ya wote akamwona Minza, anamtazama mdomoni kama anavyomtazama kila Jumapili.

"Sisi tulimpenda," Venance akasema.

Akaishia hapo. Huo ndio ujanja wote aliokuwa ameupata njiani: aseme lile analolijua kwa hakika, lililobaki alikalie kimya. Hakukana, hakukiri. Domitila akarudisha mguu.

Lakini alikuwa amesahau kitu kimoja. Watu hawa amewafundisha mwenyewe. Kwenye makaburi yote yale waliyosimama pamoja, neno lilishaingia kwenye ulimi wao kama linavyoingia Amina, na waliposikia limekatika wakajua katekista amezidiwa. Wakamwonea huruma. Wakamsaidia.

"Lakini Mungu amempenda zaidi," makaburini pote wakajibu, wanaume kwa wanawake, na sauti ya Evod ilikuwa juu ya zote, analia.

Domitila hakujitupa kaburini. Wale waliomshika walijiandaa bure. Alimtazama mumewe, kisha akatazama shimo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeruhusu mgeni achukue kiti:

"Haya. Mpeni basi."

Akageuka akaondoka. Mama mmoja akamfuata, anambembeleza, "Dada, nyamaza, mtoto yuko mbinguni sasa." Domitila hakusimama.

"Alikuwa Mbingu," akasema. "Kapelekwa wapi?"

Nyumbani waliweka ndoo ya maji mlangoni, watu wanawe mikono wakitoka makaburini. Minza ndiye aliyekuwa ameshika kata. Venance alipofika zamu yake, akanyoosha mikono, na maji yalipoanza kutiririka akasema pole pole, "Minza, siku ile ya Seni. Ulisema kweli."

Minza akasimamisha kata.

"Sikusema kweli, katekista. Niliuliza."

"Ndiyo. Uliuliza."

"Nikawa nakuja kanisani kungoja unijibu. Nilidhani jibu unalo. Nikasema labda ananificha kwa kuwa mimi mgeni, wenyeji wanalijua." Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza si mdomoni. "Kumbe hata wewe huna."

Venance akatikisa kichwa. Minza akamalizia kummiminia maji, akaiweka kata juu ya ndoo kwa uangalifu, akajifunga kanga vizuri. Domitila alikuwa anamngoja njiani, na kifurushi kidogo kichwani. Wakaondoka wote wawili kuelekea kwenye mazizi ya Wasukuma. Venance aliwaona, hakuwaita. Angewaita awaambie nini?

Jioni watu wa jumuiya wakakusanyika uani kwa rozari. Wakamwekea katekista kiti chake mbele. Aliketi. Evod akamtazama, akaona midomo haifunguki, akaanza mwenyewe, kwa ile sauti ya mtu aliyeshikilia ukuta usimwangukie:

"Baba yetu uliye mbinguni..."

Nyumba ipi, babu?

Watu waliendelea, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike. Venance akainua macho, akaanza kuzitazama nyumba, zile za bati kule barabarani, halafu za nyasi huku kwao, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetumwa kuulizia. Milango ilikuwa wazi yote. Alifika ya mwisho, akarudi ya kwanza.