Shindano la Tano Lilitupwa

Jumamosi saa nane mchana, mwandika matokeo wa klabu ya mashua alikuwa kwenye kibanda chake cha vioo mwisho wa gati, anafuta darubini kwa pindo la shati. Mezani kulikuwa na honi ya mkono, chaki na chai iliyoanza kupoa. Kazi yake haikuwa na fumbo. Mashua inapokata mstari wa kumalizia, anasoma namba iliyoshonwa kwenye tanga, anabonyeza honi mara moja, anaandika namba kwenye ubao wa matokeo. Wa kwanza anapata alama moja, wa pili mbili, na mwisho wa msimu mwenye alama chache kuliko wote anabeba kombe. Majina ya watu hayamhusu.

Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Mashua zote zilikuwa zimekwama katikati, wenye nazo wameegemeza miguu, wanapiga miayo. Ndipo namba 31 ikapita. Tanga lake lilikuwa limejaa upepo hadi linalia, mvua inainyeshea yenyewe tu, mawimbi ya kimo cha mtu yanaisindikiza huku na huku. Ilipenya katikati ya wenzake bila kumlowesha hata mmoja, ikaja hadi kwenye mstari, ikapitiliza.

Mwandika matokeo hakubonyeza honi. Alikunywa chai.

"Shemeji!" aliita mtu wa kwenye 31, maji yanamtiririka puani. "Mstari uko wapi?"

"Si hapo hapo ulipo!"

"Siuoni!"

"Basi zunguka tena."

Akazunguka tena. Alikuwa anazunguka tangu mwezi wa nne, na sasa ulikuwa wa kumi na moja.

Huyo wa kwenye 31 alikuwa mume wa dada yake mwandika matokeo, na wote klabuni walimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyewashonea matanga. Mashua yake aliiunga mwenyewe kwa vitu walivyovitupa wanachama: mlingoti wa huyu, usukani wa yule, mbao za mtu aliyenunua mashua mpya kwa kuwa ya zamani haikupendeza kwenye picha. Walimruhusu ashindane ili klabu isisemwe kuwa ni ya wenye nazo peke yao. Walichosahau kumwambia ni kwamba hakutakiwa kushinda. Alishinda mashindano manne mfululizo. Wanachama walimpongeza, kila mmoja kwa meno yote ya mbele.

Siku ya shindano la tano upepo ulichafuka ghafla. Boti ya uokoaji haikuwa mahali pake. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amewapa wageni wake, wamefika nayo upande wa pili wa ziwa kula soseji na kumpiga picha akipita. Hakupita. Mawimbi yalipoanza aligeuza mashua, na wote wakageuza nyuma yake, wengine wakimwita mama. Namba 31 peke yake ndiyo iliyoendelea. Ilionekana inalizunguka boya la mwisho, iko mbele, kisha haikuonekana.

Klabu nyingine ingetuma watu kutafuta. Hii iliitisha kikao.

Sheria inaruhusu kila mashua, msimu ukiisha, itupe shindano lake moja baya lisihesabiwe. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa amefanya vibaya katika la tano, kila mtu alilitupa hilo hilo, hawakungoja hata msimu uishe. Mwenyekiti alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaeleza kwamba shindano lililotupwa na wote ni shindano ambalo halikuwapo. Kwa hiyo boti ya uokoaji haikukosekana, maana haikuhitajika. Mikono ikainuliwa. Mwandika matokeo hakuwa na haki ya kupiga kura, lakini wake ulipanda kidogo, akajikuna kichwa nao.

Baada ya siku chache 31 ilirudi, na hali yake ya hewa.

Dada yake mwandika matokeo hakulia. Alikwenda polisi, nao wakaja hadi gatini, wakamtazama Fundi anavyozunguka, wakasema mtu anayeonekana hawezi kuandikwa kuwa amepotea. Ofisi ya vizazi na vifo ilimwomba asiwaletee tena maiti anayepiga kelele. Akaamua kuja gatini kila alasiri, taulo begani, kama mtu anayengoja mtoto atoke kuoga.

"Umekula?" alimuuliza mumewe kila alipopita karibu.

"Mkate umelowa!"

"Utakauka vipi na wewe hutaki kutoka kwenye mvua?"

"Sijamaliza, mke wangu! Nikimaliza nakuja!"

Kumaliza ndiko kulikokuwa na kazi. Mstari wa shindano lililotupwa haupo mpaka honi ilie, na honi ilikuwa mezani kwa kaka mtu.

"Kaka," alisema Jumamosi hiyo, amesimama mlangoni pa kibanda, "bonyeza hicho kidude mume wangu ashuke."

"Nikibonyeza, shindano la tano limerudi. Likirudi, mumeo ndiye bingwa wa msimu na Mwenyekiti wa pili. Wataanza kuulizana boti ilikuwa wapi."

"Waulizane. Wewe inakuuma nini?"

"Nyumba ninayolala ni ya klabu. Kitanda pia. Hata hii suruali ina nembo yao."

"Ivue."

"Dada, punguza maneno."

"Mimi nina mume analowa tangu mwezi wa nne, wewe una suruali. Haya, tupime kipi kizito."

Kaka mtu akarudi kufuta darubini. Lakini usiku huo na uliofuata alikuwa akijigeuza kwenye kitanda cha klabu, na kila alipofumba macho alisikia mtu anauliza mstari uko wapi.

Siku ya kutoa kombe viti vilipangwa kwenye majani mbele ya gati. Wageni walikuwa na miwani ya jua. Mwenyekiti alikuwa ameshika kipaza sauti, anaeleza jinsi ziwa linavyomfundisha mtu uadilifu, wakati 31 ilipotokea nyuma yake na radi zake ndogo. Wageni walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya ratiba.

Mwandika matokeo alimtazama dada yake pale ukingoni. Kisha akabonyeza honi.

Mvua ilikatika kama bomba lililofungwa. Mawimbi yakalala. 31 ikakata mstari, ikaja taratibu hadi gatini, na Fundi akamrushia mkewe kamba. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama vidole vya mfuaji.

"Nimekuwa wa ngapi, shemeji?"

"Wa kwanza."

"Nilijua tu," alisema Fundi, akaweka mguu mmoja gatini.

"Ngoja hapo hapo," alisema Mwenyekiti.

Kamati ilikaa pale pale kwenye majani, viti vikiwa duara. Hakuna aliyesema kuwa Fundi hakuwa wa kwanza. Hakuna aliyegusia soseji. Mwanachama mmoja, wakili, alikumbusha tu kuwa kila shindano lina muda wa mwisho wa kumaliza, nao ni saa tatu tangu kuanza. Walihesabu kuanzia mwezi wa nne. Mwenyekiti alisikitika sana, akasema sheria haina shemeji. Akamgeukia mwandika matokeo.

"Bwana matokeo, andika: thelathini na moja, hakumaliza."

"Lakini amemaliza, mzee. Huyu hapa, mguu wake huu hapa."

"Nyumba yako ina vyumba vingapi vile?"

"Viwili."

"Andika."

Mwandika matokeo alimtazama dada yake, ambaye alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Akaandika namba. Akaandika neno, polepole, kama anayeandika kwa mkono wa mtu mwingine. Alipofika herufi ya mwisho, tone la kwanza lilimwangukia Fundi utosini.

Fundi alisoma ubao. Alikuwa mshindani wa kweli, na matokeo ya ubaoni aliyaheshimu kuliko miguu yake mwenyewe. "Kumbe bado," alisema, akaurudisha mguu. Kamba ikaanza kukaza.

Dada yake mwandika matokeo alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni mwa gati ili mtu asijikwae.

"Sogea huko," alimwambia mumewe, akaingia.

"Utalowa, mke wangu."

"Kwani nchi kavu nilikuwa nafanya nini? Nipe kamba hiyo. Na hilo tanga mbona umelilegeza hivyo, wewe si fundi?"

Wakaondoka na upepo wao. Kombe likatolewa, Mwenyekiti akalibusu, na picha ikarudiwa mara mbili kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na tone kwenye kioo cha kamera.

Siku zilizofuata kamati ilikutana kujadili kama 31 inaruhusiwa kubeba watu wawili. Ilikubaliana kwamba haina ubaya, kwa kuwa shindano lenyewe, lililokwishatupwa tena, halipo. Mwandika matokeo alibaki na vyumba vyake viwili.

"Kaka!" dada yake alimwita Jumamosi moja, nywele zimemganda usoni. "Niletee sweta ya kijani! Na usiniletee pole!"

Alimletea sweta tu. Akaitupa kwa nguvu zake zote, naye akaidaka huku mashua imelala ubavu. Mbele yao Mwenyekiti alikuwa anafanya mazoezi. Alipoona 31 inakuja upande wenye haki ya kupita, aligeuza usukani mapema, akawapisha kama sheria inavyotaka, akawapungia mkono. Fundi akapunga. Mkewe alikuwa anavaa sweta.