Koki ya Shaba

Kwa miaka thelathini na mitano Fundi Koki alihangaika na maji ya watu. Maji yakigoma kupanda ghorofani, aliitwa yeye. Yakipasua bomba ukutani, aliitwa yeye, tena kwa makelele. Hakuna aliyewahi kumwita aje kuyatazama maji yaliyotulia. Basi alipostaafu akamwambia mkewe kwamba anataka tangi la bahari sebuleni, lenye mawe, samaki na matumbawe yanayokua.

"La ukubwa gani, baba watoto?"

"Lita mia sita."

"Ndani ya nyumba hii hii ninamolala?" Mkewe alikuwa mshonaji, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. "Na likae wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sehemu pekee iliyofaa ilikuwa kwenye ukuta unaotazamana na mlango, na ukuta huo ulikuwa na mwenyewe: cherehani ya mama watoto, iliyokaa pale penye mwanga tangu watoto wao wakitambaa. Mama aliupima ukuta siku mbili, kisha akatoa hukumu. Cherehani itahamia chumbani, kwenye giza la kumfanya mtu ashone kidole chake, kwa miezi mitatu. Miezi hiyo ikiisha na tangi halina uhai, tangi linatoka na cherehani inarudi. Fundi alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema.

Akaanza kazi, na kazi aliijua. Alichomelea fremu ya chuma, akaweka pima maji juu yake kuona kama imelala sawa, mara kumi, na ya kumi na moja kwa raha zake tu. Tangi la kioo liliingia likibebwa na wanaume sita waliokuwa wakigombana njia nzima. Juu yake akafunga taa kali, na chini yake, ndani ya kabati, akaweka tangi dogo la kuchujia maji na pampu ya kuyarudisha juu.

"Kila kitu kiwe plastiki, mzee wangu," muuza samaki wa mapambo alikuwa amemsisitizia. "Maji ya chumvi na metali hayapatani."

Fundi aliitikia vizuri kabisa. Lakini alipofika kwenye koki ya mwisho, ile iliyo juu ya pampu, mkono ukakataa. Maisha yake yote alikuwa aking'oa koki za plastiki zilizovunjika kwenye nyumba za watu, na alishaapa kwamba hakuna hata moja itakayoingia kwake. Akafungua sanduku lake la vifaa, akatoa koki ya shaba, nzito, nzuri, akaizungushia tepu na kuikaza. Mzoea punda hapandi farasi.

Akakoroga chumvi kwenye pipa, akajaza, akawasha. Kisha ikaja subira, maana maji mapya hayapokei samaki mpaka yakomae. Wiki tano nzima sebule ilikuwa na maji na mawe. Kila asubuhi Fundi alidondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa na kutazama rangi yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Jirani alipita kusalimia, akainama, akachungulia.

"Samaki wako wapi?"

"Wanakuja."

"Wanakuja kwa miguu?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango.

Hatimaye maji yakakubali. Wakaingia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, tumbawe moja dogo, na konokono kumi wa kula ukungu wa kahawia uliokwishafunika mawe. Samaki wakastawi, mmoja akaanza ugomvi na sura yake kwenye kioo. Lakini konokono waliamka wamelala chali, na siku ya tatu walikuwa wamekwisha. Akaleta wengine, wakawafuata wenzao. Tumbawe likajikunja, likakataa kabisa kufunguka. Zilibaki wiki tatu.

Fundi akapima chumvi, akapima joto, akampigia simu muuza samaki.

"Kuna shaba humo ndani, mzee?"

"Kijana, unamfundisha bomba fundi bomba?"

Hakukusudia kudanganya. Kichwani mwake ile koki haikuwa kosa. Ilikuwa kitu pekee humo ndani alichokiamini.

Mama ndiye aliyeiona. Alikuwa akifuta chumvi iliyoganda ndani ya kabati kwa kipande cheupe cha kitambaa, akatoka nacho kina doa la kijani.

"Baba watoto, rangi hii inatoka wapi?"

Fundi aliliangalia lile doa, kutu ya shaba, kisha akakaa kwenye kigoda. Aliona aibu mpaka masikioni. "Nimewaua mimi," akasema. "Kwa mkono wangu."

Siku hiyo hiyo aliing'oa ile koki, akafunga ya plastiki huku amefumba jicho moja. Akabadilisha maji, akatia mfuko wa dawa ya kunyonya shaba, akapima, akabadilisha tena. Siku moja kabla ya mwisho maji yalikuwa safi, naye akaweka konokono watano. Wakajifungia ndani ya magamba yao, wasisogee hata kidogo.

Asubuhi ya mwisho hakwenda hata kuwatazama. Aliingia chumbani, akabeba cherehani na meza yake, akaileta sebuleni akihema. Moyo ulimuuma, lakini ahadi ni deni. "Nitaanza kulibomoa leo, mama watoto," akasema. "Ila nieleze kitu kimoja. Ungekitupa kile kitambaa ukanyamaza, ungeshinda tangu siku ile."

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya tangi na sindano mkononi, uso ukiwa karibu na kioo.

"Ningeshinda nini? Hii taa yako ndiyo mwanga mzuri kuliko wote nyumbani humu. Tangu kukiwa na mawe matupu natoka chumbani kuja kutungia uzi hapa." Akaupitisha uzi mara moja tu. "Iweke hapo pembeni ya tangi. Na usinizibie, namtazama mtu wako."

Katikati ya kioo konokono mmoja alikuwa akipanda polepole, na nyuma yake ameacha njia safi. Chini kwenye jiwe tumbawe lilikuwa limefungua vidole vitatu.

Fundi aliitua cherehani. Furaha ilimjaa, akapiga magoti na kuweka pima maji juu ya meza ya cherehani.

"Mguu mmoja unacheza," akasema. "Nitautilia kitu."

"Tia," mama akasema. "Ila isiwe shaba."